Mpira wa Mechi ya Kwanza ya Hiza

Jumatano, tarehe tano Februari, saa kumi na moja alfajiri, adhana ikiwa ndiyo kwanza inaanza, mume wangu Omari Shekue alivuta pumzi yake ya mwisho. Ndiye aliyekuwa mwamuzi pekee wa besiboli hapa Kwemsala. Mashindano ya shule yalikuwa yanakaribia, na ofisa michezo akatuambia waziwazi: "Poleni sana kwa msiba. Lakini bila mwamuzi wa kuaminika, mashindano yanahamia mjini."

Hiza, mtoto wa kaka yake Omari, akasema atasimama yeye. Mwamuzi wa besiboli husimama pale mpira unaporushwa kuja, hivyo hujikinga uso na kifua; Hiza akaja kwangu amevaa helmeti ya pikipiki.

"Mama mdogo, naona hii itanifaa."

Tangu msiba uingie nyumbani sikuwa nimecheka. Siku hiyo nilicheka, Mungu anisamehe.

Sasa sikilizeni habari za watu watatu, maana kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Kaniki, fundi wa kuchomelea vyuma. Kipaji chake ni jicho. Alimvua Hiza ile helmeti, akamwuliza, "Ukiwa ndani ya chungu hiki, mpira wa chini utauonaje? Na mrushaji akikuita utamsikia?" Nikatoa barakoa ya chuma ya marehemu. Kaniki akachukua mpira, akausukuma kwenye vyuma vya mbele. Ukapita nusu. Vyuma vilikuwa vimepanuka kwa miaka ya kupigwa. "Hapa pana mlango, si kinga," akasema. Akavirudisha, akaongeza kimoja, akajaribu tena mpira ule kila upande mpaka ukakataa kupita.

Wa pili ni Mama Semkiwa, anayeshona makochi. Kipaji chake ni mkono. Omari alikuwa mtu mpana, Hiza ni mwembamba, na kinga ya kifua ya marehemu ilimning'inia hata mifupa ya shingoni ikabaki wazi. Mama Semkiwa akanitazama, mkasi mkononi. "Dada, ili imkae lazima niikate. Nikate?" Ilikuwa bado ina harufu ya jasho la mume wangu. Nikasema bismillahi, kata. Akaipunguza, akaishona upya, akaibana mikanda. Mabaki ya kitambaa alinikunjia, akanipa. Akamwambia Hiza, "Vaa ndani ya shati. Usionekane kama mtu aliyeazima." Kinga za ugoko zilimtosha, na viatu vigumu vya ngozi alikuwa navyo.

Wa tatu ni Nuru Mhando, binti wa kidato cha tatu, mdakaji wa timu yetu, yule anayechuchumaa mbele ya mwamuzi na kuupokea mpira. Kipaji chake ni kutoogopa. Hiza alikuwa amevaa vizuri sasa, lakini kila mpira ulipokuja alifumba macho.

"Kaka Hiza, umefumba tena!"

"Sijafumba."

"Basi sema mpira ulipita wapi."

Hiza akaonyesha juu, kumbe mpira ulikuwa umepita chini. Wasichana wote uwanjani wakacheka. Kila jioni baada ya masomo Nuru alichuchumaa mbele yake, mwenzake akirusha. Akamfundisha kuweka kidevu chini, kuuacha mpira ufike mkononi mwa mdakaji, ndipo afungue kinywa. Polepole macho yakazoea.

Siku ya mechi ikafika. Wageni walitoka bonde la pili, nao walisema waziwazi kwamba mwamuzi ni ndugu wa wenyeji, atawapendelea. Ofisa michezo alikaa mstari wa mbele.

Mchezo ulikaribia mwisho, na zamu zetu za kupiga zilikuwa zimekwisha. Tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja, wageni wawili wakiwa wamesimama kwenye vituo wakisubiri kukimbia. Mpigaji wao alikuwa amebakiwa na nafasi moja tu; akikosa, mchezo umekwisha. Mpira ukarushwa. Fimbo ikapita kwa nguvu. Mpira ukaruka juu ya mkono wa Nuru, ukagonga barakoa ya Hiza, ukateremka ukampiga chini ya shingo, ukaanguka vumbini. Nuru akauokota, akamgusa nao mpigaji. Ikiwa fimbo haikuugusa mpira ule, mpigaji ametoka, nasi tumeshinda; ikiwa iliugusa, ni faulo, mpira unarushwa tena. Watu wetu wakaanza kushangilia.

Hiza alikuwa bado amesimama. Akainua mikono yote miwili.

"Fimbo imegusa! Faulo. Mchezo unaendelea."

"Hiza! Wewe ni wa wapi?" mtu akapiga kelele. "Kaburi la baba yako mdogo halijakauka, unatuuza!"

Mwalimu wa timu yetu akamwuliza Nuru. Binti akatazama chini. "Imegusa, mwalimu. Nimeisikia."

Mpira uliofuata ulipigwa mbali, wale wawili wakakimbia wakafika kituo cha mwisho, pointi mbili, tukashindwa. Nahodha wa wageni akaja kumpa Hiza mkono. Ofisa michezo akasimama, akasema, "Mashindano yanabaki Kwemsala."

Hapa kwetu kuna desturi aliyoianzisha Omari. Mpira wa mechi ya kwanza ya mwamuzi hupewa mtu aliyemwezesha kusimama uwanjani. Mtu mmoja tu.

Jioni wote watatu wakakutana barazani kwangu.

"Bila chuma changu angekuwa hana meno," akasema Kaniki.

"Na shingo je? Chuma chako kilimrushia mpira shingoni, nikaupokea mimi," akajibu Mama Semkiwa.

"Nyie mlimvalisha," akasema Nuru. "Mtu aliyevaa vizuri akifumba macho ni mwamuzi? Na aliyepoteza mechi kwa kusema kweli ni mimi."

Hiza akaniwekea mpira mapajani. "Mama mdogo, mimi nimeshindwa kuchagua. Amua wewe."

Nami nina mpira wa Omari kabatini. Alinipa mimi, mwaka ule alipoanza. Sikumchomelea kitu, sikumshonea, sikumfundisha. Nilikaa tu kando ya uwanja nikimwombea. Sikuwahi kumwuliza kwa nini alinichagua, na sasa hayupo wa kuulizwa.

Basi ninyi mnaonisikiliza, nisaidieni. Yuko aliyezuia, yuko aliyefunika, yuko aliyefumbua. Mpira ni mmoja. Mngeuweka mkononi mwa nani?

Fikirini, nami niombe. Ewe Mola, mja wako Omari alihukumu michezo ya watoto wetu kwa haki kadiri alivyoweza. Wewe mhukumu kwa rehema. Mpanulie kaburi lake, ulitie nuru. Amina.