Flenji ya Maji Kwenye Bomba la Mvuke

"Matundu kulingana si nguvu kulingana." Jana shangazi yenu Veneranda aliisema mbele ya washenga waliokuja kumposa binti yake, nanyi mkacheka. Leo mnaniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, na hakuna cha kuchekesha ndani yake.

Kiwanda chetu cha sukari kilikuwa na mabomba mazito ya mvuke na mepesi ya maji baridi. Yote yaliunganishwa kwa flenji, zile sahani za chuma zenye matundu ya bolti. Msimu mmoja flenji ya mvuke ilipasuka. Mitambo ikasimama, miwa ikaanza kuchacha uwanjani, na wakubwa wakamwandama msimamizi wetu, Mzee Lyaumi.

Stoo hapakuwa na nyingine ya mvuke. Lyaumi akachukua ya maji, akampa mwanawe Beda, fundi mwenzangu.

Beda aliigeuza mkononi. "Baba, hii nyembamba. Imetengenezwa kwa nguvu ya maji, si ya mvuke."

"Matundu yamelingana?"

"Yamelingana."

"Na bolti zinapita?"

"Zinapita."

"Basi funga, mwanangu. Ni ya muda tu, mpaka ya mvuke ije."

Kwetu ilikuwa desturi: aliyefunga kiungo husimama kando yake mvuke unapofunguliwa, asikilize kama kinavuja. Nilimwambia Beda asogee. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Nikisogea, nitamwaibisha baba mbele ya watu."

Lyaumi akafungua koki kwa mkono wake mwenyewe.

Flenji ilishika kidogo, hata tukaanza kupumua. Kisha ikapasuka, na mvuke wote ukamwishia Beda. Tulimzika kesho yake, na mpaka leo roho inaniuma.

Msibani watu walimfariji mzee. "Hukukosea, Mzee Lyaumi. Si matundu yalilingana?"

"Matundu kulingana," akasema, "si nguvu kulingana." Hakukanyaga tena kiwandani.

Beda aliacha mke mjamzito. Mke huyo ndiye Veneranda, na mimba ile ndiyo binti anayeposwa. Jana washenga walihesabu yanayolingana: dini moja, elimu moja, hata kimo. Shangazi yenu aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kijana wao amewahi kubeba jambo zito. Wakaanza kuhesabu upya: dini, elimu, kimo.

Ndipo akawaambia, matundu kulingana si nguvu kulingana.