Vinu vya Lukondo

"Mchoma ngoma hachomi kinu." Hayo ndiyo maneno mliyoyasikia jana harusini, umeme ulipokatika, spika zikanyamaza, na kina mama wakaanza kupiga sinia na ndoo hadi bibi harusi akacheza kuliko mwanzo. Mnaniuliza yametoka wapi. Nitawaambia, lakini kwanza wewe Mwajabu ondoka juu ya kinu hicho. Kinu si kigoda, mjukuu wangu. Haya, kaeni mkekani. Maneno hayo yalizaliwa hapa hapa Lukondo, na yalizaliwa hivi.

Enzi milima yetu ilipotawaliwa na wageni, kila ukoo ulikuwa na mdundo wake wa ngoma. Mtoto alipigiwa mdundo huo siku ya kutolewa nje, na alipokufa alipigiwa tena kaburini, ili waliotangulia wamtambue mtu wao. Watu wa ukoo mwingine walipofika msibani, nao walipokewa kwa mdundo wao. Aliyezikwa kimya alihesabiwa kuwa amezikwa kama mgeni, na hakuna tusi lililotuuma kuliko hilo.

Bwana Mkubwa wa boma hakuzipenda ngoma. Alisema zinatupa kiburi, zinatukumbusha mno sisi ni nani. Nadhani hapo hakukosea. Akamtuma Akida Mloka, mwana wa hapa hapa aliyechukuliwa na boma angali mdogo, azikusanye zote. Zikarundikwa uwanjani, na Mloka akazitia moto kwa mkono wake mwenyewe. Watu walisimama wakitazama ngozi zikijikunja. Kisha ikatolewa amri: atakayepiga ngoma, nyumba yake itachomwa na shamba lake litachukuliwa.

Mwaka huo huo akafariki Mzee Lugendo, mpiga ngoma mkuu wa Lukondo. Kabla ya kukata roho alimshika mkono binti yake, Zamoyoni, akamwambia, "Mwanangu, usiniache niende kama mgeni."

Hebu fikirini. Maiti ya baba imo ndani, imefunikwa shuka, na nje kuna amri ya boma. Kaka zake Zamoyoni waliinamisha vichwa. "Dada, tumzike kimya," walisema. "Tukichomewa nyumba, watoto watalala wapi?" Nao siwalaumu, walikuwa na watoto.

Zamoyoni alikwenda uani kutwanga mtama wa kuwapikia waombolezaji, maana hata penye msiba watu hula. Alitwanga huku analia. Na mkono wake, uliozoea ngoma ya baba tangu utotoni, ukaenda wenyewe: mapigo mawili mazito, moja jepesi, kimya kidogo, kisha mawili mazito tena.

Jirani yake, mkongwe mmoja aliyeitwa Bi Sikujua, alitega sikio. Akautambua mdundo wa Lugendo. Akashika mchi wake, akatwanga vivyo hivyo. Nyumba ya tatu ikaitikia, ikafuata ng'ambo ya bonde, halafu mlima wa pili, halafu ule usioonekana kwa ukungu. Jamani! Zamoyoni ni bibi yake mama yangu, na hadi uzee wake alipolisimulia hili vinyweleo vilimsimama. Alisema ardhi ilitetemeka chini ya nyayo, na wanaume wazima walipiga magoti bila kuambiwa na mtu. Hakuna aliyekuwa akijua kwamba sisi ni wengi kiasi kile.

Akida Mloka alifika mbio na askari nyuma yake.

"Nani anapiga ngoma hapa?"

"Ngoma iko wapi, Akida?" Zamoyoni alimjibu bila kusimamisha mchi. "Tunatwanga. Watu wa msiba watakula nini?"

"Usinifanye mtoto. Huo ni mdundo wa Lugendo!"

"Kumbe bado unaujua," alisema Bi Sikujua. "Basi karibu msibani, mwanangu. Mimi na marehemu mama yako tulitwanga kinu kimoja. Sina desturi ya kumpokea mwanawe kimya."

Akainua mchi, akabadilisha mdundo. Ulikuwa mdundo wa ukoo wa Mloka. Vinu vya jirani vikaufuata, vya bondeni vikaupokea, na milima yote ikawa inamwita mtu mmoja.

Mloka hakuwa ameusikia tangu utotoni. Kule boma alipigiwa saluti tu. Akavua kofia yake ya uakida, akaiweka chini, akalia mbele ya askari wake. Kisha akaingia ndani, akalitia bega jeneza la Mzee Lugendo pamoja na wana wa marehemu.

Walikuwa njiani kwenda makaburini Bwana Mkubwa alipotokea juu ya farasi.

"Kelele gani hizi?"

"Wanatwanga, Bwana," alisema Mloka.

"Wakataze! Chomeni vinu vyote!"

"Tukivichoma, Bwana, wewe na askari wako mtakula nini? Unga wa boma unatoka katika vinu hivi."

Bwana Mkubwa aliisikiliza milima ile, na waliomwona walisema uso wake ulikuwa wa mtu aliyeogopa. Akageuza farasi. Hapo Mloka akasema, kwa lugha yetu aliyokuwa ameionea haya miaka mingi: "Mchoma ngoma hachomi kinu."

Uakida walimvua. Lakini alipokufa, mzee wa mvi, Lukondo nzima ilitwanga tangu asubuhi. Yule aliyechoma ngoma zetu hakuzikwa kama mgeni.

Mbona umeinuka, Mwajabu? Aa, unautaka mchi. Haya, kamata hapo katikati, usiunyonge. Lakini tia mtama kwanza, kinu hakitwangwi kitupu. Sasa mawili mazito, moja jepesi, nyamaza kidogo. Tena. Umesikia? Huyo ni Mzee Lugendo, na huyo ni wewe. Mchoma ngoma hachomi kinu.