Kwa Nini Wafu Hufungwa Kimono Kinyume

Zamani hizo, kabla wafu hawajawa na vazi lao, watu wa Japani walivaa kimono, joho la kupishanisha pande mbili kifuani na kufunga mkanda, kila mtu apendavyo. Huyu alilaza upande wa kulia juu, yule wa kushoto, mradi mkanda umekaza. Maiti naye alivikwa vivyo hivyo akazikwa. Ndiyo maana wafu wa siku zile hawakujua kwamba wamekufa. Walijitazama, wakajiona wamevaa kama jana, wakarudi nyumbani kula.

Katika kijiji kimoja cha milimani aliishi Kinu, mfumaji, pamoja na mumewe Genta, mkata kuni, na binti yao mdogo, Ito. Majira ya baridi theluji iliporomoka mlimani ikamfunika Genta. Kinu alimzika kwa kimono cha buluu alichomfumia mwenyewe, akarudi nyumbani hana hata chozi la kumwaga. Jioni, wakati wa chakula, mlango ukafunguliwa. Genta akaingia, akakung'uta theluji mabegani, akaketi mahali pake.

Msimlaumu Kinu kwa kufurahi. Nani kati yenu angemfukuza? Alimpakulia wali. Genta hakuugusa, lakini aliingiza mkono wa kulia kifuani, kati ya mapindo ya kimono, kama alivyozoea kila arudipo kazini, akamtolea mwanawe tunda kavu. Ito alilipokea kwa mikono miwili, akalila.

Ikawa hivyo kila jioni, na kila jioni Ito alikiacha chakula cha mamaye, maana tunda la baba lilimshibisha. Mikono yake ikaanza kupoa. Hata akikaa karibu na moto hakupata joto. Siku Kinu alipomshika mtoto shingoni, akasikia ubaridi uleule wa siku ya kumwosha Genta, aliogopa mno. Mwenye macho haambiwi tazama: mtoto alikuwa akilishwa chakula cha kuzimu, na mlishaji hakujua.

Kumwambia hakuweza, ulimi ulimkataa. Jioni ile alimpokea mlangoni.

"Baba Ito, mkanda wako umelegea. Njoo nikufunge."

Akaufungua, akalaza upande wa kulia juu ya wa kushoto, kinyume na alivyozoea Genta, akakaza kwa nguvu zake zote. Genta akaketi. Akapeleka mkono wa kulia kifuani, usiingie. Ulikuta kitambaa kimeziba. Ito alikuwa amekinga viganja, anangoja.

"Mama Ito," Genta akasema polepole, "umenifungaje?"

"Nimekufunga kisafari, mume wangu," Kinu akajibu, na sasa machozi yakaja. "Huko uendako hutatakiwa kumpa mtu kitu."

Genta alitazama kifua chake, kisha viganja vya mwanawe vilivyopauka kwa baridi. Akaelewa. Aliinama mbele ya mkewe hadi paji la uso likagusa mkeka, akatoka, asirudi tena. Ito alilia mpaka akachoka, kisha akaomba wali.

Na tangu siku hiyo aliye hai hulaza upande wa kushoto juu, mkono wake upate njia ya kutoa. Maiti hufungwa kinyume. Sasa kimono kimevuka bahari, huvaliwa na wageni ugenini, na wengi hukifunga vyovyote. Basi ukimwona bibi wa Kijapani akimfuata barabarani mtu asiyemjua, akamfungua mkanda bila hodi na kumfunga upya, usimcheke wala usimwone mkorofi. Hawezi kuvumilia kumwona mtoto wa mwenzake amefungwa kisafari angali hai.