Kwa Nini Pua ya Mbwa Ina Maji na Baridi

Zamani, kabla yenu na, msinitazame hivyo, kabla yangu pia, pua ya mbwa ilikuwa kavu. Ilikuwa kavu na ya joto kama kiganja cha mtu aliyetoka kusonga ugali. Na mbwa hakuwa na tabia ya kumnusa mtu mkononi. Mkikutana alikutazama usoni, nawe ukamtazama, kila mmoja akapita na njia yake. Mambo yaliharibikia katika bonde la Lwambi, mwaka wa mafuriko makubwa, na aliyeyaharibu namjua vizuri kuliko ninavyopenda.

Lwambi iko chini ya milima inayojifunika ukungu mpaka shingoni. Mimi nimezunguka nchi nyingi, nimelala kwenye vituo vya mabasi vya miji ambayo mpaka leo siwezi kuitamka, lakini baridi ya Lwambi sijaikuta kwingine. Inaingilia kidole cha mguu, inatokea mdomoni. Mwaka ule mvua ilinyesha miezi mitatu bila kupumzika, mto ukaacha njia yake, mashamba ya ulezi yakawa ziwa. Vilivyobaki juu ya maji ni nyumba za kijiji cha Ilindi, kwa kuwa zilijengwa mlimani, na vilima vidogo vya hapa na pale katikati ya matete. Kwenye vilima hivyo ndiko walikokimbilia nguruwe mwitu, baada ya kuula ulezi wote uliokuwa umebakiza siku chache uvunwe. Chakula cha Ilindi kilikuwa kimehamia tumboni mwa nguruwe, na watu wakitaka kukipata iliwabidi wamfuate nguruwe huko huko.

Waliwinda kwa mbwa. Mbwa waliogelea mbele, wakapanda kilimani, wakabweka na kuwazuia nguruwe. Wanaume wakafuata na mikuki, maji yakiwa kifuani. Na palikuwa na desturi moja, ndiyo yenye kesi. Kabla ya kuingia majini kila mwindaji alipakwa mafuta ya nguruwe mwili mzima, ili baridi isimuue. Mpakaji alikuwa mkuu wao, Kihwelo, mtu mnene, mcheshi, mwenye mikono laini. Akishamaliza watu aliwageukia mbwa, akawapaka puani, maana watu wa Ilindi waliamini kwamba baridi humwingia mbwa kwa pua. Walifanya hivyo kwa huruma. Hakuna aliyekaa akajiuliza mbwa mwenye mafuta ya nguruwe puani atanusa nini kingine.

Kihwelo huyo huyo ndiye aliyechagua kilima. Jioni alisema, "Kesho tunakwenda kile chenye mkuyu," na kesho yake wakaenda kile chenye mkuyu.

Siku ya kwanza walikikuta kitupu. Mavi yalikuwa bado yanafuka mvuke. Majani waliyolalia nguruwe yalikuwa na joto, ukiweka mguu unatamani ulale wewe. Lakini nguruwe hata mmoja. Siku ya pili, kilima kingine, mambo yale yale. Siku ya tatu pia. Wakarudi wanatetemeka, meno yakigongana, na watoto waliokuwa wakichungulia milangoni wakaitazama mikono yao, wakarudi ndani bila kuuliza.

Hapo ndipo watu walipoanza kutazamana. Mwindaji aliyekohoa njiani aliulizwa anamkoholea nani. Aliyenyamaza aliulizwa ana nini cha kuficha. Mdemu, kijana wa maneno mengi, aliyekuwa na mazoea ya kuimba majini ili asisikie baridi, aliambiwa wimbo wake una ujumbe. Wanawake nao wakaanza kuchungua moshi: nyumba ya fulani inafuka sana, wanapika nini na sisi tunachemsha mizizi? Mtu akipata mafua, jirani anasema kala kitu cha moto akatoka nje. Ikafika mahali wawindaji wanakwenda kujisaidia wawili wawili.

Kihwelo aliwaita wote kwenye ua wake. "Ndugu zangu," alisema, "tunatiliana shaka bure. Nani hufika kilimani wa kwanza?"

Watu wakafikiri. "Tutaona," wakajibu.

Tutaona lilikuwa jina la mbwa. Alikuwa jike, mwekundu, sikio moja limechanika, mali ya Nyagawa, mtu mpole ambaye mkewe alikuwa dada yake Mdemu. Ndiye aliyewaongoza mbwa wote.

"Anafika wa kwanza," akasema Kihwelo, "na tukifika sisi nguruwe hawapo. Sasa mimi nisemeje? Mbwa ana miguu minne, nguruwe ana miguu minne. Wote hulala matopeni. Sisi wenye miguu miwili tunajuaje wanachoambizana?"

"Mzee Kihwelo," Nyagawa alisema, "mbwa huyu ana watoto wanne wananyonya na hajala siku tatu. Angekuwa na urafiki na nguruwe angalau angenenepa."

"Shemeji, usimtetee mbwa mbele za watu," Mdemu alimnong'oneza, na ule mnong'ono wakausikia wote. "Watasema na wewe umo."

Wakakata shauri. Kesho ingekuwa mara ya mwisho. Kilima kikiwa kitupu tena, Tutaona atafungwa jiwe shingoni na kuachwa majini, na watoto wake watamfuata. Nyagawa hakubishana. Alisema tu, "Basi tafuteni mawe mawili, na mimi nina shingo." Watu wakatazama chini. Lakini jiwe walilitafuta.

Asubuhi ya nne ukungu ulikuwa mzito, maji yana baridi ya kukata. Kihwelo akaja na chungu chake, akapaka watu, akapaka mbwa, na Tutaona akampaka mara mbili. Wakaingia majini. Mdemu alibeba jiwe begani, na safari hii hakuimba.

Walikuwa hawajafika mbali Tutaona aliposimama kwenye tuta lililozama, akatumbukiza pua yake majini. Akaitoa, akaisugua kwenye matete. Akaitumbukiza tena. Mafuta yakaanza kuelea, viduara viduara vinang'aa juu ya maji.

"Mnaona?" Kihwelo alipiga kelele. "Anawaita kupitia chini ya maji! Mfungeni sasa hivi!"

Mikuki ikainuka, na haikuwa imeelekea kilimani. Nyagawa akajisogeza, akasimama kati ya mikuki na mbwa wake, maji yakimfika kidevuni kwa kuwa alikuwa mfupi. "Tulisema kilima kikiwa kitupu," alisema. "Hatujafika kilimani. Acheni anawe uso."

Tutaona alitumbukiza pua mpaka mafuta yote yakaisha. Kisha akaiinua juu, imelowa, ina baridi kama kokoto la mtoni, akavuta upepo. Akageuka. Kilima alichokichagua Kihwelo alikipa mgongo, akaogelea kurudi upande wa kijiji, kule kwenye matete mazito ambako hakuna mtu aliyewahi kuwinda kwa sababu ni karibu mno na nyumbani. Watu wakamfuata, kila mmoja ameshika mkuki huku akimwangalia jirani yake.

Nyuma ya matete palikuwa na kilima kidogo, na juu yake zizi la miti mipya. Ndani walilala nguruwe kumi na wawili, wamenona, wanakoroma. Pembeni umefungwa mtumbwi, na ndani ya mtumbwi mna machicha ya pombe. Basi wakaelewa. Kuna mtu alikuwa akitangulia alfajiri kwenye kilima cha siku hiyo, akimwaga machicha majini kidogo kidogo, na nguruwe wakaogelea nyuma yake kwa furaha, kama watu wanaofuata harusi, mpaka zizini.

"Ni nani?" waliulizana. Kila mtu alimtazama mwenzake, na kila mtu alionekana ndiye. Wote walinuka mafuta ya nguruwe.

Nyagawa akasema, "Nyoosheni mikono."

Wakajipanga, mikono mbele. Tutaona akapita kiganja kwa kiganja, akiweka ile pua ya baridi, na kila aliyeguswa aliruka kidogo, wenye hatia ndogo ndogo za siku nyingine waliruka zaidi. Alipofika kwa Kihwelo hakukuta mikono. Ilikuwa mgongoni.

"Mikono yangu ina baridi," alisema Kihwelo.

"Hata pua yake ina baridi, mzee," alisema Mdemu. "Mtaelewana."

Akaitoa. Tutaona akaweka pua kwenye kiganja chake, akakaa chini, hakuondoka. Nyagawa akaushika mkono ule, akausugua kwa mchanga mpaka mafuta yakatoka, na chini ya kucha, zote tano, mkaonekana machicha. Kihwelo akaketi matopeni. "Niliogopa nguruwe hawatatutosha," alisema. "Nilihesabu watoto wa kijiji, nikahesabu vilima. Nikaogopa."

Mdemu aliuliza jiwe sasa amfunge nani. Nyagawa akamwambia alitupe, nalo likatupwa, pamoja na kile chungu cha mafuta. Nguruwe waligawanywa nyumba kwa nyumba, na nyumba ya Kihwelo ikapewa fungu lake, kwa kuwa watoto wake hawakufunga nguruwe zizini. Yeye mwenyewe alipewa kazi moja mpaka mwisho wa maisha yake: kumlisha Tutaona kwa mkono. Na Tutaona, kila siku, kabla ya kula, aliunusa kwanza ule mkono.

Na tangu siku hiyo mbwa hakubali kupakwa kitu puani. Huilamba pua yake kutwa nzima ili isikauke, maana Tutaona aliwafundisha hivyo watoto wake wanne, nao wakawafundisha wao. Tangu siku hiyo wawindaji wa Lwambi hawagawi nyama kabla ya kunyoosha viganja, hata ndugu wa tumbo moja. Na mbwa akikutana na mtu haridhiki tena na uso. Anatafuta mkono.

Nimenuswa na mbwa wa Kigoma, wa Lubumbashi, wa Beira, na mmoja wa nchi za mbali sana aliyekuwa amevalishwa koti. Wote walikaa kwenye kiganja changu muda mrefu kuliko kwa wenzangu, na wenzangu hucheka wakisema mbwa wananipenda. Mimi huwaacha wacheke. Kihwelo alimzaa babu wa babu yangu. Kwa hiyo wewe nawe, ikikugusa pua ya baridi, usifurahi upesi wala usiufiche mkono. Ufungue, na umsubiri amalize.