Makubadhi ya Mzee Chirau

Mola amempa binadamu macho mawili, na yote mawili yanatazama mbele, kwa jirani. Ndiyo maana aibu ya mwenzetu tunaiona toka mbali, yetu tukaambiwa na watu. Asiyeamini na amuulize Iddi wa Msambweni.

Miaka ile ya hamsini Iddi alirudi likizo kutoka chuo kikuu huko Uingereza, alikosomea sayansi ya kuchunguza jinai. Mji ulikoma! Kikombe kikivunjika, huyo Iddi na kioo chake cha kukuzia. Mbuzi akitafuna leso ya mtu, Iddi ataka kupima meno ya mbuzi wote wa mtaa. Lakini kilichomkosesha usingizi hakikuwa jinai. Alikuwa amemposa Mwanarusi, binti wa Mzee Chirau, na jibu lilikuwa litolewe Ijumaa, baada ya sala.

Ijumaa hiyo, imamu alipotoa salamu tu, Iddi alikuwa wa kwanza mlangoni. Mamake alimnunulia makubadhi juzi, naye hakuwa ameyazoea baada ya kuvaa viatu vya kamba muda mrefu. Akachomeka miguu, akaenda zake kujipulizia marashi. Alasiri alipiga hodi kwa Mzee Chirau, akavua makubadhi kizingitini kama ilivyo ada, akaingia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Lakini leo usinitajie posa!" Mzee alikuwa amevimba kwa hasira. "Makubadhi yangu mapya yameibwa msikitini. Nimerudi peku juu ya mchanga wa moto! Mwizi kaniachia haya yake. Mpaka nimjue ni nani, harusi hainenwi nyumbani humu."

Moyo wa Iddi ukaruka kwa furaha. Bahati iliyoje! Aliyapokea makubadhi yale, yaliyofanana na ya nusu ya wanaume wa mji kwa kuwa fundi alikuwa mmoja, akatoa kioo chake.

"Mwizi huyu hana kazi ya maana," akaanza, akitembea huku na huku. "Ona, ngozi haijachakaa. Anaburura mguu wa kushoto. Tena hapa pana damu: ukanda umemchuna kidole gumba. Tafuteni mtu anayechechemea!"

Yeye mwenyewe alikuwa akichechemea toka ukuta huu hadi ule. Nyuma ya pazia, Mwanarusi aliziba mdomo kwa leso.

Kioo cha Iddi kikatua kwa Tsuma, jirani aliyeketi mkekani. Tsuma alikuwa mkwezi wa minazi, na mguu wake wa kushoto haukupona sawasawa tangu alipoanguka.

"Ni huyu," Iddi akasema.

"Mimi?" Tsuma akashika kifua. "Sijavaa makubadhi tangu nizaliwe!"

"Mwizi hodari husema hivyohivyo."

"Tsuma, kweli?" Mzee Chirau akauliza kwa sauti ya huzuni. "Jirani yangu wa mlango kwa mlango?"

Tsuma alilengwalengwa na machozi.

Bi Biasha, mke wa Chirau, hakuweza kuvumilia. Alitoka kwenda kumwita mke wa Tsuma. Hajafika mbali, akapiga ukelele: "Jamani, Baba Mwanarusi! Makubadhi yako si haya hapa kizingitini?"

Chirau alirudi peku. Tsuma alikuja peku. Aliyevua viatu mlangoni ni mmoja tu, naye ananukia marashi. Wote wakamtazama Iddi, na Iddi akatazama mguu wake wa kushoto. Juu ya kidole gumba lengelenge lilikuwa limepasuka.

Alitamani ardhi impasukie. Alipiga magoti mbele ya Tsuma. "Nisamehe, ami. Nimekuvunjia heshima mbele za watu, na mkosa ni mimi."

"Nimekusamehe," Tsuma akasema, akijifuta macho. "Ila kioo hicho, mwanangu, kesho anza kujitazama nacho wewe."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mwanarusi akasema nyuma ya pazia, "Baba, mkubalie! Mwizi wa kuleta mali mpaka mlangoni kwa mwenyewe nitampata wapi tena?"

Mzee Chirau alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Mwenye kuozwa keshasema, nami nimekubali," akatamka. "Lakini ukipotelewa na kitu kwako, Iddi, pekua kwanza mifuko yako, kwani nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe."