Mayai Kumi na Moja ya Kanga

Paukwa!
Pakawa!
Masikio mnayo?
Tunayo!
Na macho?
Yako kwenye simu!
Basi ziwekeni chini, maana wanaosemwa humu ni nyinyi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokwisha kupata simu lakini akili bado iko njiani, aliishi Kanga, dume la madoadoa. Asubuhi moja kipanga alimchukua mkewe, kabla hajaanza kuatamia. Kanga akabaki mgane, na mayai kumi na moja kwenye majani.

Hakulia mbele za watu. Alihesabu siku. Mayai yasiyoatamiwa hayangoji: wiki moja, basi. Siku mbili alijaribu kuyalalia mwenyewe, akaegemea upande kama chungu kibovu.

Majirani wakamwambia, "Sokoni iko mashine ya kutotolesha. Lakini watazame kwanza wachambuzi wa vifaa kwenye simu. Wao ndio wanaojua."

Siku ya kwanza akamtazama Tausi, anayefuatwa na msitu mzima. Tausi alifungua boksi, akatanua mkia. "Oneni rangi hiyo! Oneni kioo hicho!" Ndani ya kioo alionekana Tausi.

Kanga akamwendea. "Bwana Tausi, kwetu mwenyeji huonja togwa kwanza, ndipo mgeni anywe. Mayai ya mkeo yamo humo?"

"Ya mke wangu? Una wazimu? Yeye huatamia mwenyewe!"

Kanga akashukuru, akaondoka.

Siku ya pili akamtazama Kasuku. Kasuku alitaja joto, akataja unyevu, akataja uzito, mpaka anwani ya kiwanda. Kumbe anasoma maandishi ya kwenye boksi.

"Bwana Kasuku, ya kwako yamo humo?"

"Ya kwangu yamo tunduni, mtini, mzee. Hii ni ya watazamaji."

Kanga akashukuru, akaondoka.

Siku ya tatu akamtazama Kenge. Kenge hakusifu, alitukana. "Tausi kahongwa! Kasuku kahongwa! Mimi sihongwi! Mashine ni hii. Weka mayai, mlango uache wazi yapate hewa, kisha nenda ukatembee siku tatu. Asiyejua kuyapanga aje nayo kwangu."

Kanga akajiambia, "Mdomo mchafu, basi moyo safi." Akatia mayai kapuni, akaenda. Alipofika mlangoni ndipo akakumbuka kuuliza.

"Ndugu Kenge, na ya kwako?"

"Ya kwangu nayafukia kwenye kichuguu, kama baba na babu." Kenge akajilamba. "Ya kwako, shemeji, ni mangapi vile?"

Kanga hakushukuru. Alikumbatia kapu, akatimua mbio.

Zikabaki siku mbili. Akampata Bi Bata, mwenye mtazamaji mmoja, naye ni dada yake. Picha ilitikisika, na muda mwingi ilionyesha mguu wake.

"Haya. Niliweka mayai yangu kumi na mawili. Saba yameanguliwa, hawa hapa. Nyamaza wewe, mama anaongea! Matano yameviza, haya hapa. Kosa moja langu, nilisahau kutia maji. La pili la mashine: jua likiwa kali inachemka, ifungue kidogo. Mvivu asiiguse."

Ilikuwa mashine ile ile. Kanga hakuwa na swali. Aliichukua sokoni, akatia mayai na maji, akaamka mapema, akaifungua adhuhuri. Siku ya ishirini na saba wakatoka vifaranga wanane. Matatu yakaviza.

Tausi akaja mbio na simu yake. "Mzee Kanga! Lete watoto tuwaonyeshe, useme ulinisikiliza mimi!"

"Ninayo na mayai matatu hapa."

"Safi kabisa! Ngoja niwaangulie watazamaji moja!"

Akatanua mkia, akaligonga yai kwa mdomo. Likapasuka, likamvaa kuanzia kishungi hadi mkiani. Msitu mzima ukaona. Waliokuwa karibu wakanusa.

"Hilo ni viza, Bwana Tausi," akasema Kanga. "Ungetotolesha hata moja, ungelijua."

Akawaita wanawe kwa mlio wa mama yao, kadiri alivyoukumbuka, wakaondoka.

Basi jueni: anayekusifia kitu, muulize kama chake amekiweka humo. Na asiyekuonyesha kilichomharibikia, hajakitumia.

Ngano yangu imetua. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.