Mawe Meupe ya Bwana Shauri

Wapendwa, mfano wa leo unaniogopesha mimi kwanza, kwa hiyo mnivumilie.

Palikuwa na Mwingereza mmoja, enzi zile serikali yao inaanza kujenga maboma huku kwetu. Watu walimwita Bwana Shauri, kwa kuwa mashauri yote ya wilaya aliyaamua yeye. Alikuja kijana, mwembamba, homa imemkausha. Wenyeji wakampa uji, akapona. Mwaka wa kwanza alikula ndizi za kuchoma pamoja nao, akicheka.

Siku moja akasikia askari wake wakicheka nyuma ya jiko. Akadhani wanamcheka yeye. Hofu ikamwingia: mtu mmoja kati ya maelfu! Kesho yake akaamuru mawe yapakwe chokaa, yapangwe kuizunguka nyumba yake. Akitoka, simama wima, tazama chini. Na baada ya chakula cha mchana, akilala, mtu asivuke mawe wala asimwamshe mpaka kengele ya saa tisa. Atakayevunja amri, viboko ishirini na vitano. Tarishi wake, mpeleka barua, aliwahi kuvuka na barua ya haraka. Akachapwa vyote.

Miaka sita ikapita hivyo. Mchana mmoja mpishi na tarishi wamesimama nje ya mawe, wakaona swila, nyoka mwenye sumu, akiteleza kuingia chumbani kwa Bwana.

"Umemwona?" mpishi akanong'ona. "Nenda kamwamshe!"

"Kamwamshe wewe. Mgongo wangu bado unauma."

"Mimi nina watoto wanne, ndugu yangu."

"Na mimi je, nimewaokota wangu? Tungoje kengele."

Mngefanya nini, ninyi? Msijibu haraka.

Mara ndani pakatoka ukelele na kishindo cha kiti. Lakini ukelele ule waliuzoea! Kila siku Bwana alipiga kelele, na kila siku kelele zilimaanisha kiboko. Nani angejua kwamba leo anaomba msaada? Wakasimama wima, wakatazama chini, kama alivyowafundisha. Wakasikia mlango. Wakasikia kitu kinajiburuta mchangani, kinakaribia, kinahema. Hakuna aliyeinua macho. Kengele ilipolia ndipo walipotazama. Mkono wa Bwana ulikuwa juu ya jiwe jeupe, umekwisha kupoa.

Ni nani aliyemuua? Nyoka? Tarishi? Mwajua wenyewe.

Lakini sikumleta Mwingereza hapa tumlaani twende zetu tukale. Yeye ana hakimu wake. Nauliza juu yetu. Wewe baba, ukifika nyumbani watoto hutawanyika? Wewe mama mkwe, mke wa mwanao huogopa hata kukuambia chumvi imezidi? Sisi wazee wa kanisa, ni lini mara ya mwisho mtu alituambia tumekosea? Tunafurahi, tunasema tunaheshimiwa. Jamani, tunaogopwa! Na anayekuogopa akiona nyoka anaingia kwako, atanyamaza.

Juzi nilirudi nyumbani mapema. Nikiwa nje nilisikia wanangu wanacheka, cheko la kushika mbavu. Nikakohoa. Kicheko kikakatika, nyumba nzima kimya.

Nilisimama pale mlangoni, mimi mchungaji wenu, nikatazama chini miguuni pangu. Niliogopa kwamba nitayaona mawe.